Nusu siku Zhujiajiao: jinsi ya kupanga ziara ya binafsi katika mji wa kale wa mifereji

Mfanyabiashara anayetoka Yiwu baada ya wiki nzima ya kuzunguka sokoni, mwanafunzi anayesubiri ndege ya kurudi Dar es Salaam au Nairobi, na mtu aliyekwenda Shanghai kwa mkutano wa siku mbili, wote hujikuta wana asubuhi moja isiyo na kazi na hawajui waitumie vipi. Wengi huimalizia katika maduka makubwa ya jiji, na wakirudi nyumbani hawana la kusimulia kuhusu China zaidi ya maghorofa na mizigo. Kwa mtu wa namna hiyo napendekeza Zhujiajiao, na hapa naeleza hatua kwa hatua namna ya kuipanga ziara hiyo ili saa zake chache zisiliwe na foleni, maduka ya kamisheni na kutoelewana.

Zhujiajiao ni mji mdogo katika wilaya ya Qingpu, upande wa magharibi wa Shanghai, kiasi cha kilomita 48 kutoka katikati ya jiji, karibu na ziwa la Dianshan. Jina lake lina maana ya kona ya ukoo wa Zhu. Mji ulistawi wakati wa utawala wa Ming kwa biashara ya nguo za pamba, na baadaye, chini ya Qing, kwa mchele na mafuta, kwa sababu katika nchi hii ya tambarare iliyojaa maji kila mzigo ulisafiri kwa chombo. Mto mkubwa unaoukata mji unaitwa Caogang, na silabi ya kwanza ya jina hilo ndiyo Wachina wanayoitumia kwa usafirishaji wa nafaka kwa njia ya maji. Nyumba zilijengwa zikiielekea mifereji, kila moja ikiwa na ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, na barabara za nchi kavu zikaachwa nyembamba kwa kuwa hazikuhitajika kupitisha mizigo mizito. Msomaji aliyetembea Lamu, ambako punda na mashua hufanya kazi ya lori, atauelewa mji huu mara tu atakapoingia kichochoro cha kwanza.

Miji ya aina hii ni mingi katika eneo hilo: Zhouzhuang, Tongli, Xitang, Wuzhen, Nanxun. Kila mmoja una uzuri wake, na Tongli, wenye bustani ya Tuisi iliyomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ningeuchagua mbele ya yote kama ningekuwa na siku nzima. Lakini Wuzhen uko zaidi ya kilomita mia moja kutoka Shanghai, na kwenda Zhouzhuang na kurudi kunakula muda ambao mtu wa nusu siku hana. Tena Zhouzhuang na Wuzhen hutoza kiingilio cha mji mzima, ilhali kuingia Zhujiajiao ni bure na unalipia tu bustani au jumba utakalotaka kulitazama ndani. Mawakala wengi hutangaza miji hii yote kama ziara ya nusu siku. Anayekuahidi Wuzhen kwa saa tano kutoka hotelini hadi hotelini anakuuzia safari ya gari, si ziara ya mji.

Amua kwanza kama unahitaji ziara ya binafsi

Lazima niseme wazi kwamba mtu anaweza kufika Zhujiajiao bila wakala. Njia ya 17 ya treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa tarehe 30 Desemba 2017, inaanzia kituo cha reli cha Hongqiao na ina kituo chenye jina la mji huu. Safari yake haifiki saa moja, nauli ni ndogo, na kutoka kituoni unatembea kiasi cha robo saa hadi mji wa kale. Kijana mwenye mkoba mgongoni na simu yenye chaji hana sababu ya kulipia gari.

Ziara ya binafsi ina maana katika hali tatu. Ya kwanza ni pale unaposafiri na wazee, watoto au mizigo. Ya pili ni pale ambapo muda wako umefungwa na ndege, hivyo unahitaji gari linalokusubiri na dereva anayejua njia ya kukufikisha uwanjani. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni pale unapotaka kuelewa unachokiona. Maandishi mengi mjini ni ya Kichina, na daraja la mawe bila mtu wa kulieleza litakuwa daraja tu. Kwa hiyo unapotafuta ziara hii, tafuta kwanza mtu atakayekuongoza, kisha ndipo uulizie gari.

Kutafuta kiongozi na kuandikiana naye

Kiongozi wa watalii nchini China anatakiwa kuwa na leseni, inayoitwa daoyouzheng. Muombe akuoneshe leseni hiyo kabla ya kulipa, na wala usione haya, kwa kuwa kwao ni jambo la kawaida. Viongozi wengi wanaohudumia wageni huko Shanghai hutumia Kiingereza. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya China, hasa Beijing, lakini usipange safari yako kwa kutegemea kumpata kiongozi wa Kiswahili kwa asubuhi moja. Ukimpata, hiyo ni bahati yako. Mwulize maswali mawili ambayo majibu yake yatakuonesha ni mtu wa namna gani: amekwenda Zhujiajiao mara ngapi mwaka huu, na angeanzia wapi kama ungefika saa mbili asubuhi. Anayeujua mji atakutajia mahali kwa jina na kukupa sababu. Asiyeujua atakujibu kwamba kila kitu ni kizuri.

Baada ya hapo andikianeni. Maandishi hayo yataje bei yote kwa yuani na kwamba bei hiyo ni ya kundi zima au ya kila mtu. Yataje kama gari, maegesho, ada ya barabara kuu, tiketi za bustani, mashua na chakula vimo au havimo. Yataje saa na mahali pa kuchukuliwa na pa kuachwa. Na yataje nini kitatokea kuhusu arbuni yako ikiwa treni au ndege yako itachelewa. Kisha ongeza sentensi moja ambayo usiiache kamwe: kwamba hakutakuwa na kusimama katika duka lolote ambalo hukuliomba wewe.

Naisisitiza sentensi hiyo kwa sababu ya yaliyonipata. Katika ziara yangu ya kwanza gari liliacha barabara kuu na kusimama mbele ya jengo la kuuzia lulu na hariri, tukaambiwa ni mapumziko ya dakika kumi, na tulipotoka zilikuwa zimepita hamsini. Mji tulioufuata tuliutembea kwa kukimbia. Baadaye nilikuja kujua kwamba sheria ya utalii ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013, katika kifungu chake cha 35 inawakataza mawakala kuwavuta wageni kwa ziara za bei ya chini isiyo ya kawaida na kisha kujilipa kwa kuwapeleka katika maduka waliyoyapanga. Basi bei ikiwa ndogo kiasi cha kukushangaza, jua kwamba kuna duka njiani. Ukiwa na malalamiko, namba ya huduma kwa wananchi ya Shanghai ni 12345.

Sasa suala la saa, ambalo sijaona mwongozo wa lugha nyingine ukiligusa. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, na kiongozi wako anaihesabu saa hiyohiyo kuwa ya nane. Ukiandika kwa Kiswahili katika programu ya kutafsiri, saa mbili asubuhi yaweza kumfikia kama saa nane za usiku wa manane, au akaichukua kuwa saa nane mchana. Nimeshuhudia familia moja ikisimama nje ya hoteli kwa saa nzima, mama ameshika chupa ya chai ya mtoto, na dereva yuko kitandani kwake akijua kwamba miadi ni ya alasiri. Andika saa kwa tarakimu za saa ishirini na nne, 07:00 au 13:30, pamoja na tarehe na siku ya juma. Kumbuka pia kwamba saa za China ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tano, na simu ambayo haijajirekebisha itakudanganya.

Siku na majira

Chagua siku kati ya Jumatatu na Ijumaa. Mwishoni mwa juma watu wa Shanghai wenyewe huja kwa wingi, na Barabara ya Kaskazini, ambayo ni nyembamba mno, hujaa kiasi kwamba unasukumwa badala ya kutembea. Usiende kabisa katika wiki ya sikukuu ya taifa inayoanza tarehe 1 Oktoba, wala karibu na tarehe 1 Mei, wala katika siku za mwaka mpya wa Kichina. Majira mazuri ni kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Novemba. Mwezi wa Juni hadi katikati ya Julai kuna mvua za mfululizo ambazo Wachina huziita mvua za plamu, na mawe ya madaraja huteleza vibaya. Julai na Agosti ni joto la unyevu linalofanana na la Dar es Salaam mwezi Februari. Januari ni baridi inayopenya mifupani, ingawa mji huwa mtupu na picha huwa nzuri.

Kati ya asubuhi na alasiri, chagua asubuhi. Ukiondoka katikati ya Shanghai saa 1:00 asubuhi kwa gari, kwa kupitia barabara kuu ya G50, utafika baada ya saa moja hivi, kabla ya mabasi ya watalii, wakati wenye maduka wanaondoa mbao za milango na wakazi wanafua nguo kwenye ngazi za mfereji. Bustani na majumba hufunguliwa saa 2:30 asubuhi au karibu na hapo, kwa hiyo nusu saa ya kwanza ni ya madaraja na vichochoro.

Vitu vya kubeba na kuandaa usiku uliotangulia

Beba pasipoti yenyewe, si nakala. Sajili kadi yako ya benki katika Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, maana programu hizo mbili hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje, na muuza chai, mwenye mashua na mlinzi wa maegesho wote watakuonesha msimbo wa kuskani. Hata hivyo weka noti chache za yuani mfukoni, kwani kadi za kigeni hugoma wakati mwingine. WhatsApp na Google hazifanyi kazi katika mtandao wa kawaida wa China, hivyo wasiliana na kiongozi kwa WeChat na mjaribiane mapema. Hifadhi katika simu majina haya kwa maandishi ya Kichina, umwoneshe dereva au mpita njia ukipotea: 朱家角, yaani Zhujiajiao, na 放生桥, yaani daraja la Fangsheng.

Vaa viatu vya soli isiyoteleza. Weka karatasi za chooni mkobani, kwa kuwa vyoo vya umma havikosekani lakini karatasi hukosekana.

Njia ya kutembea

Mwombe kiongozi muanzie daraja la Fangsheng. Atakayekwambia mwanzie madukani kwa kuwa ndiko maegesho yaliko, mkatalie kwa upole, kwa sababu daraja hili saa mbili asubuhi na daraja hilohilo saa nne ni vitu viwili tofauti.

Fangsheng lilijengwa mwaka 1571, wakati wa utawala wa Ming, baada ya mtawa wa Kibudha aliyeitwa Xingchao kukusanya sadaka kutoka kwa watu, na lilijengwa upya mwaka 1812. Lina matao matano ya mawe, la kati likiwa kubwa kuliko mengine ili vyombo vyenye milingoti vipite, na urefu wake ni kiasi cha mita 70. Panda polepole hadi juu, kwenye simba wa mawe, usimame ukiuelekea mto. Kisha shuka upande wa pili, ugeuke, ulitazame ubavuni. Katika nyufa za mawe, juu kabisa ya maji, imeota mikomamanga. Hakuna aliyeipanda kwa mpango. Imejishikiza tu pale penye udongo wa kiganja kimoja, na majira ya kiangazi hutoa maua mekundu juu ya ukuta wa kijivu. Katika mji huu wote hicho ndicho kitu ninachokikumbuka kwanza, na nimeona makundi yakipita bila kuinua macho kwa sababu kiongozi wao alikuwa anatazama saa.

Jina la daraja lina maana ya kuachilia viumbe hai. Chini yake uvuvi ulikatazwa, na waumini walikuja kurudisha samaki majini kama tendo la huruma. Utawakuta wanawake wenye mabeseni ya samaki wadogo, wakikuomba ununue mmoja umwachilie. Ushauri wangu ni kuwasalimia na kupita. Samaki hao wamevuliwa au kufugwa ili wauzwe kwa kazi hiyo, na samaki wa kufugwa akitupwa mtoni hamsaidii yeyote.

Kutoka darajani, kabla watu hawajawa wengi, ingieni Barabara ya Kaskazini, Beidajie. Hii ndiyo barabara ya biashara ya zama za Ming na Qing iliyohifadhiwa vizuri kuliko nyingine mjini. Mapaa ya pande mbili yanakaribiana kiasi kwamba ukiinua kichwa unaona mbingu kama utepe, na wenyeji huiita kwa maneno yenye maana hiyohiyo, uzi mmoja wa mbingu. Tazama vizingiti vya milango na mbao za mbele ya maduka: kila ubao unaingia katika mfuo wake, na mwenye duka huuchomoa mmojammoja asubuhi na kuuegemeza ukutani kwa mpangilio, kwani ukiukosea mmoja mlango haufungi jioni. Mwombe kiongozi asimame nawe hapo kwa dakika tano na akutafsirie mabango. Dakika hizo tano zitakupa zaidi ya nusu saa ya hotuba garini.

Mkiendelea mtafika daraja la Tai'an, ambalo ni la tao moja na lina mwinuko mkali, na kando yake kuna hekalu la Kibudha la Yuanjin, lililoanzishwa mwaka 1341. Watu bado huswali humo kwa namna yao. Ukiingia, sema kwa sauti ya chini, usiwapige picha wanaoabudu, na usikanyage kizingiti bali ukivuke. Asiyependa kuingia katika hekalu kwa sababu ya imani yake akae nje ya mlango, palipo na mahali pazuri pa kutazama mfereji, na kiongozi mwenye adabu hatamhoji.

Kuna daraja moja la mbao lenye paa, liitwalo Huimin, ambalo watoto hulipenda. Kuna ofisi ya posta ya zama za Qing, ndogo, yenye sanduku la barua lililopambwa kwa joka mlangoni. Mahali hapa panamfaa mtu anayependa historia ya mawasiliano. Wengine watatosheka na dakika chache. Hekalu la mungu mlinzi wa mji lina ua mkubwa, na faida yake kwa mpango wetu ni kwamba gati la mashua liko karibu.

Bustani ya Kezhi ndiyo ninayoomba usiiache, hata ukilazimika kuacha mengine yote isipokuwa daraja la Fangsheng. Ilianza kujengwa mwaka 1912 na tajiri aliyeitwa Ma Wenqing, na kazi ikaendelea kwa miaka kama kumi na mitano. Jina lake linaunganisha maneno mawili, kusoma na kupanda, na tajiri huyo aliyachukulia kwa uzito wake: upande mmoja una maktaba, madimbwi na mabanda ya kukaa, na upande mwingine ulitengwa kwa kilimo. Ndani kuna utulivu ambao hutautarajia baada ya vichochoro. Tenga dakika arobaini, uzitumie kwa kuketi zaidi kuliko kutembea, na umwache kiongozi anyamaze.

Wazazi wawashike watoto mikono mahali pote nilipopataja, kwa sababu kingo za mifereji sehemu nyingi hazina uzio. Mzee mwenye magoti mabovu asilazimishwe kupanda kila daraja, kwani ni ngazi tupu na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Kiongozi akijulishwa mapema anaweza kupanga kipande kikubwa cha ziara hii kwa mashua.

Mashua

Mashua hukodishwa kwa chombo, si kwa kichwa, na kwa kawaida abiria hawazidi sita. Bei zimebandikwa kwenye kibanda cha tiketi gatini, safari fupi na safari ndefu kila moja na yake, kwa hiyo lipia kibandani na usipatane na mtu aliyekufuata njiani. Safari fupi, ya kati ya hekalu la mungu wa mji na daraja la Fangsheng, inatosha. Nashauri uifanye iwe ya mwisho, ili miguu ikiwa imechoka maji yakurudishe ulikoanzia, na upite kwa chini ya madaraja ambayo ulikwisha kuyavuka kwa juu.

Keti nyuma, karibu na mwendeshaji, umtazame anavyofanya kazi. Hatumii pondo wala makasia mawili. Ana kasia moja refu lililokaa juu ya kijiti kifupi cha mviringo kwenye tezi, na kamba imefungwa kutoka kwenye mpini hadi sakafuni mwa chombo. Mkono mmoja unasukuma mpini, mwingine unavuta kamba, na kila mara kamba inapokazwa ubapa wa kasia hugeuka kidogo ndani ya maji, ukaenda kulia na kushoto kama mkia wa samaki bila kutoka nje hata mara moja. Ndiyo sababu mashua haina kishindo na haimwagii mtu maji. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kafi, ngalawa na mashua ya tanga, atapata hapo la kujifunza, na waendeshaji wengi hufurahi ukiomba kulishika kasia kwa dakika moja mahali penye nafasi. Omba kupitia kiongozi, na usisimame kabla hujaambiwa.

Chakula

Zhujiajiao unasifika kwa vyakula viwili vitakavyokufuata kila kona. Kimoja ni zongzi, wali wa kunata uliofungwa katika majani kwa pembe na kupikwa muda mrefu. Kingine ni nyama ya nguruwe iliyofungwa kwa nyasi na kuchemshwa katika mchuzi mweusi wa soya. Mwislamu ajue kwamba zongzi nyingi zina nguruwe ndani, na hata zile za maharage matamu zaweza kupikwa sufuria moja na hizo au kutiwa mafuta yake. Sentensi ya kukariri ni wo bu chi zhurou, yaani sili nyama ya nguruwe, lakini haikuhakikishii sufuria. Alama ya kutafuta ni 清真, hutamkwa qingzhen, inayobandikwa katika migahawa ya Waislamu. Mwambie kiongozi siku iliyotangulia akutafutie mgahawa huo, ama Qingpu ama mnaporudi jijini, ambako maduka ya tambi za Lanzhou yanayoendeshwa na Waislamu wa Kihui si haba. Ikiwa siku yenyewe ni Ijumaa, panga kurudi mapema na kuswali katika msikiti wa Xiaotaoyuan, katika sehemu ya mji wa kale wa Shanghai.

Vya kula bila wasiwasi mkubwa ni matunda, karanga na soya za kijani zilizokaushwa, ambazo huuzwa kwa kupimwa na hufaa kwa zawadi. Nyumba ya chai yenye dirisha la mferejini ni mapumziko mazuri, ilmradi uulize bei ya birika kabla ya kuketi. Kiongozi akikuharakisha kuelekea nyumba moja tu na kuipita nyingine yenye nafasi, chagua ile nyingine.

Kurudi

Kwa kuanzia saa mbili asubuhi, mpango huu unamalizika kati ya saa tano na nusu na saa sita mchana. Mlipe kiongozi salio lililoandikwa. Bakshishi si desturi ya lazima nchini China, na ukitaka kumshukuru kwa kazi nzuri, zawadi ndogo kutoka nyumbani, kama pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro au viungo vya Zanzibar, hupokewa kwa furaha ya kweli.

Anayerudi Yiwu yuko upande mzuri wa jiji: kituo cha reli cha Hongqiao ni njiani, na treni ya mwendokasi kutoka hapo hadi Yiwu huchukua kiasi cha saa moja na nusu hadi mbili. Anayekwenda kupanda ndege asome tiketi yake tena akiwa angali mjini, kabla gari halijawashwa. Shanghai ina viwanja viwili vya ndege, Hongqiao upande wa magharibi na Pudong upande wa mashariki kabisa, na safari nyingi za kimataifa ziko Pudong. Kutoka Zhujiajiao hadi Pudong ni kuvuka jiji zima, na foleni yaweza kuifanya safari hiyo ikaribie saa mbili au kuzipita. Mwoneshe dereva jina la uwanja kwa maandishi, 虹桥 kwa Hongqiao au 浦东 kwa Pudong, pamoja na namba ya jengo la abiria iliyo kwenye tiketi, umsikilize akilirudia kwa mdomo wake, kisha ndipo mwondoke.